Nyumba Njema Si Mlango

Saa yoyote ya mchana utamkuta mgeni katika kichochoro cha Mji Mkongwe wa Zanzibar, amesimama mbele ya mlango wa nakshi, anaupiga picha. Mlango unastahili. Fremu imechongwa minyororo na maua, misumari mikubwa ya shaba imepangwa safu kwa safu, na mgeni ataondoka ameridhika kwamba Zanzibar ameiona. Nadra kumwona anayeinua shingo. Juu ya mlango ule ule, ghorofa mbili juu, bati limeliwa na kutu, gata imekatika inaning'inia, na katika ufa wa ukuta umeota mtini ambao mizizi yake imekwisha kupenya baina ya mawe. Chini ya bati hilo wanalala watu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sera zetu za kuhifadhi miji ya kale zimekwama mlangoni. Zinajua kukataza rangi isiyofaa, dirisha la alumini na bango la biashara, na makatazo hayo yana maana yake. Lakini mji hausimami kwa sura. Msimamo wangu ni kwamba matumizi bora ya nyumba ya kale ni yale iliyojengewa, yaani kukaliwa na familia. Kwamba kuigeuza hoteli ni nusu ya dawa, na mara nyingine ni ugonjwa mwingine. Na kwamba shilingi ya kwanza ya uhifadhi inapaswa kupanda darini, ikiandamana na haki na wajibu wa anayelala chini ya dari hiyo. Bila hayo tutabaki na kuta nzuri zilizozunguka mji usio na wenyewe.

Bati, boriti na chokaa

Ili kuelewa kwa nini nasisitiza paa, ni lazima kujua nyumba hizi zimejengwaje. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita na zaidi. Sakafu za ghorofa zimelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Nyingi kati ya nyumba hizi zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa, ambayo mvua zetu ziliyashinda, na baadaye yakafunikwa kwa mabati yaliyoinamishwa. Ni ujenzi wenye akili nyingi. Ukuta mnene hukawia kupata joto, chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka, na boriti ikikaa pakavu hudumu vizazi kadhaa.

Adui wa ujenzi huu ni maji yanayokaa. Gata ikikatika, maji ya Masika hushuka ukutani mahali pamoja kila siku. Yanalainisha udongo uliomo kati ya mawe, yanafika kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ukutani, na ncha hiyo inaoza pasipo mtu kuiona. Familia ya ghorofa ya kwanza inaona doa tu. Mwaka wa pili doa limekuwa ramani, mwaka wa tano sakafu inatikisika, na siku boriti inapoachia, wahandisi wanaitwa kuchunguza chanzo wakati chanzo kilikuwa kipande cha bati. Hapo huingia fundi wa haraka na mfuko wa saruji, anapiga lipu ngumu juu ya ukuta wa chokaa. Saruji inang'aa, mwenye nyumba anafurahi, na unyevu uliofungiwa ndani unaanza kula ukuta kwa siri. Methali ya ufa na ukuta imesemwa hadi imechakaa, lakini hapa haina mfano ndani yake: ni maelezo ya kiufundi.

Beit al-Ajaib ni ushahidi ambao hakuna anayeweza kuupuuza. Jumba lile lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 halikuwa nyumba ya maskini wala halikukosa macho. Lilikuwa kwenye kila kadi ya posta, pembeni mwa Forodhani, ndani ya eneo ambalo UNESCO iliorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu ya mbele pamoja na mnara iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo maarufu kuliko yote lilifika huko, nyumba isiyo na jina ya Mkunazini au Malindi, yenye familia sita na gata moja iliyokatika, ina kinga gani?

Paa la nani?

Tungeweza kuishia kwenye ufundi na kusema mafundi wafundishwe, chokaa ichomwe, kazi iishe. Lakini mabati hayakosekani madukani. Kinachokosekana ni mtu ambaye paa likivuja anajijua kuwa ndiye wa kupanda ngazi.

Hili lina historia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba ndani yake. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja, yenye ngazi moja, kisima kimoja na choo kimoja, ikawa ya familia nyingi. Nyumba nyingine ni za wakfu, na hizo ziliwekwa na waliotaka kodi yake isaidie msikiti, madrasa au mafukara, lakini kodi yenyewe ikabaki ndogo. Kuna kundi la tatu, nalo halizungumzwi sana: nyumba za mirathi. Warithi kumi na wawili, mmoja yuko Unguja, watatu Muscat, wawili Dubai, waliobaki London na Toronto. Hakuna anayekubali kuuza, hakuna anayetuma fedha za bati, na aliyebaki nyumbani hana mamlaka ya kuamua peke yake.

Njia tatu tofauti, mwisho wake mmoja. Mpangaji wa chini anasema paa ni la wa juu. Wa juu anasema yeye ni mpangaji tu, paa ni la serikali, au la wakfu, au la mabwana wa Muscat. Serikali inasema kodi inayokusanywa haitoshi hata kununua misumari, na kwa kweli haitoshi. Kila mmoja ana hoja, na mvua haisubiri hoja.

Wapo wanaojibu kwamba tatizo ni wapangaji wenyewe: wamezoea kodi ya bure, hawana uwezo, na hawajui thamani ya walichopewa. Jibu hili lingekuwa na nguvu kama kusingekuwa na kilemba. Kila mkaazi wa mjini, Unguja na hata Dar es Salaam, anajua kwamba chumba chenye kodi ndogo kwenye daftari hubadilishana mikono kwa fedha nzito chini ya meza, na fedha hizo humwendea mpangaji anayetoka, na kidogo dalali. Maana yake ni kwamba uwezo wa kulipa upo, angalau kwa baadhi, ila unapita pembeni ya nyumba. Kilemba cha chumba kimoja kingeweza kununua gata. Tumejenga utaratibu ambao mtu anatoa fedha kuingia katika nyumba na hata senti haifiki kwenye nyumba yenyewe. Ni nani basi wa kulaumiwa, anayelipa au aliyeacha utaratibu huo ukaota mizizi?

Hoteli inaokoa kuta

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 1994 ukapatikana mpango mkuu wa uhifadhi ulioandaliwa kwa ushirikiano na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Wakati huo eneo lilikuwa na majengo takriban 1,700 na mengi yalikuwa yanachakaa kwa kasi. Nchi ilikuwa imefungua milango kwa watalii, na mwenye fedha za kuokoa jengo kongwe alikuwa mwekezaji wa hoteli. Jengo la zamani la simu pale Shangani likawa hoteli. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19, likawa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikaeleza wasiwasi wake kuhusu ujenzi mpya uliounganishwa nalo.

Nisieleweke vibaya. Pasipo hoteli, baadhi ya kuta hizi leo zingekuwa kifusi. Hoteli zimerudisha kazi ya waashi wa chokaa na wachonga milango, zimeajiri vijana, na jengo lenye mapato hupata bati kabla halijavuja. Anayezibeza kwa jumla hajawahi kukisia gharama ya kutengeneza ghorofa tatu za matumbawe. Mgogoro wangu na hoteli ni pale inapokuwa jibu pekee, kwa sababu ina tabia ya kuvuta jirani yake. Nyumba moja ikigeuka ya wageni, nyumba ya pili inapata bei mpya, ya tatu inapangishwa kwa usiku kupitia intaneti, na ya nne warithi wake wanakumbuka ghafla kwamba wana urithi. Familia zinazoondoka huenda Fuoni, Tunguu au mbali zaidi.

Hesabu ya familia hiyo haionekani katika ripoti ya uhifadhi. Mama aliyekuwa akitembea kwenda sokoni Darajani sasa analipa daladala kwenda na kurudi. Mgonjwa aliyekuwa hatua chache kutoka hospitali ya Mnazi Mmoja sasa anahitaji gari usiku. Watoto wanaamka gizani kuwahi skuli. Na huko walikohamia serikali inalazimika kupeleka barabara, nguzo za umeme na mabomba kwenye shamba lililokuwa na mikarafuu au minazi, wakati mjini vitu hivyo vilikwishawekwa zamani. Mwenye kusema kwamba kuwabakiza wakaazi mjini ni anasa hajaweka gharama hizi kwenye mizani.

Nyuma yao mtaa nao hubadilika. Baraza ya nje ilikuwa mlinzi asiyelipwa: wazee wanaopiga bao wanajua nani kapita na nani si wa hapa. Msikiti wa mtaa unapungukiwa safu. Muuza mkate wa mofa na muuza kahawa hukosa wateja wa kila siku, kwani mgeni wa siku tatu hanunui mkate wa familia. Hatimaye hata mgeni analalamika kwamba mji umekuwa wa maduka ya vinyago matupu. Alikuja kuona watu wakiishi, akakuta wageni wenzake.

Havana ya Kale, huko Cuba, ilijaribu njia yenye busara zaidi. Mwaka 1993, uchumi ukiwa umeanguka baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, Ofisi ya Mwanahistoria wa Jiji chini ya Eusebio Leal ilipewa mamlaka ya kuendesha hoteli na migahawa yake ndani ya eneo la kale, na kutumia mapato hayo hapo hapo. Fedha za kitanda cha mtalii zilikarabati nyumba za wenyeji, skuli na vituo vya afya. Mpango haukuwa kamili. Nyumba za Havana bado zinaanguka, na mwaka 2016 biashara hizo zilihamishiwa kampuni ya jeshi, jambo lililodhoofisha wazo lenyewe. Lakini wazo lilikuwa sahihi: hoteli ilipie paa la jirani. Zanzibar tayari inawatoza wageni ada ya miundombinu kwa kila usiku wanaolala. Paa la nyumba katika mji wa Urithi wa Dunia, ambalo ndilo linalomleta mgeni, kwa nini lisihesabiwe kuwa miundombinu?

Kariakoo haina mlango wa kupigwa picha

Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam imechagua njia nyingine, ya kubomoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa kumbukumbu, pasipo tangazo la ziada, likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa tafuta jengo la namna hiyo katika jiji ambalo Sultan Majid alianza kulijenga katika muongo huo huo wa 1860! Hata Boma la Kale pale bandarini, ambalo ni la miaka ya 1866 na 1867, limezaliwa likiwa limechelewa. Kilichobaki kinategemea tangazo la waziri, na tangazo halina mbio za buldoza.

Sizungumzii maboma ya Wajerumani tu. Kariakoo, Ilala na Magomeni zilijengwa kwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jikoni na choo. Hakuna anayeipiga picha. Lakini hakuna mtindo uliowahi kuwapa watu wa kipato cha chini makaazi mengi katikati ya jiji kuliko huo. Mjane aliyerithi nyumba moja aliishi chumba kimoja na kupangisha vitano, na kijana aliyetoka Rufiji au Singida alipata pa kuanzia maisha kwa kodi ya chumba kimoja. Leo kiwanja hicho hicho kina ghorofa, chini maduka, juu stoo za mizigo, na wapangaji wa zamani wako Mbagala na Chanika. Jengo limeongezeka urefu na wakaazi wamepungua. Hayo ndiyo maendeleo ya makaazi?

Atakuja mtu kusema kwamba majengo ya zamani ni hatari, heri mapya. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa iliyokuwa inajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji hilo, iliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la Kariakoo likaanguka na kuua zaidi ya 20. Hayakuwa ya matumbawe wala ya boriti. Hatari haiulizi umri wa jengo, inauliza nani anasimamia, na nani anaruhusiwa kuligeuza kutoka kazi moja kwenda nyingine bila mhandisi kuitwa.

"Lakini watu wanataka nyumba za kisasa"

Hili ndilo pingamizi zito, na wanaopenda majumba ya kale hulipuuza kwa kiburi. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Anayesifia ngazi za mwinuko mkali hajapandisha ndoo ya maji asubuhi. Anayependa kiza cha ukumbi halipi umeme wa kuwasha taa mchana. Familia ya leo inataka choo chake, jiko lake na mlango unaofungwa, na iko sahihi. Uhifadhi unaomtaka mkaazi aishi kama mwaka 1890 ili mgeni afurahi hauna heshima, na hautadumu.

Ila mahitaji hayo hayalazimishi kubomoa. Nyumba ya ghorofa tatu yenye vyumba virefu inaweza kugawanywa upya kwa makaazi manne au matano yanayojitegemea, mabomba yakapitishwa katika njia moja inayofikika badala ya kutobolewa kila ukuta, vyoo vikapangwa kimoja juu ya kingine, na ua wa ndani ukarudishiwa mwanga uliozibwa na vibanda. Ndiyo, kuna nyumba ambazo hazifai tena na zitaondoka, na wapo wanaotaka gereji na bustani ambao Mji Mkongwe hautawafaa kamwe. Waende kwa amani. Nyumba za Michenzani, zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, zilikuwa za kisasa kuliko chochote kisiwani, lakini ngazi zake na mapaa yake nayo yalikosa mwenyewe. Upya hautibu ugonjwa wa kukosa mwenye dhamana.

Bologna, nchini Italia, ilionyesha katika miaka ya 1970 kwamba jambo hili linawezekana kwa fedha za umma. Jiji lile, kwa mpango uliobuniwa chini ya Pier Luigi Cervellati, lilichukua fedha zilizokusudiwa kujengea nyumba mpya za wananchi pembezoni na kuzitumia kukarabati nyumba kongwe za katikati. Wazo la kuzitwaa nyumba lilipingwa vikali na wenye mali, likaachwa. Badala yake wenye nyumba walipata msaada wa matengenezo wakikubali kubakiza wapangaji wao kwa kodi iliyokubaliwa. Utwaaji tumeujaribu sisi pia, Zanzibar baada ya 1964 na Bara kwa sheria ya 1971 iliyochukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Kutwaa ni rahisi. Kuziba paa mwaka baada ya mwaka ndiko kulikotushinda.

Kwa hiyo naona sheria mpya kubwa haihitajiki. Sheria za kumiliki sehemu ya jengo zipo: Bara tangu 2008, Kenya ina ya 2020, na Zanzibar nayo imetunga yake. Zitumike kwenye nyumba kongwe, si kwenye maghorofa ya vioo pekee. Familia zinazokaa nyumba ya serikali kwa muda mrefu zipewe hati ya sehemu zao kwa sharti la kuunda kamati ya nyumba yenye mfuko wa paa. Nyumba za wakfu zipandishe kodi kwa kiasi, kila shilingi iliyoongezeka ibaki katika nyumba hiyo kwa miaka kadhaa, na kilemba kilipwe hadharani kwenye mfuko huo huo. Kwa mirathi iliyokwama, mrithi anayekaa ndani apewe uwezo wa kisheria wa kufanya matengenezo ya lazima na gharama ikatwe katika fungu la wenzake, kadhi na mahakama wakisimamia. Hoteli na nyumba za wageni ziwekewe kikomo kwa kila mtaa.

Wawakilishi wa majimbo ya mjini wana nafasi kila bajeti. Safari ijayo wadai kifungu kimoja kinachosomeka waziwazi: matengenezo ya mapaa ya nyumba zinazokaliwa za Mji Mkongwe, kikitaja fedha na idadi ya mapaa yatakayokamilika kabla ya Masika ya mwaka unaofuata. Kifungu hicho kikikosekana, bajeti ya wizara husika isipitishwe.